Chevreul: Mkemia aliyefumbua siri ya mafuta kutoka kipande cha sabuni

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1811, katika jiji la Paris, kipande cha sabuni laini kilifikishwa mbele ya mkemia kijana mwenye umri wa takriban miaka 25. Kilitoka katika kiwanda cha nguo, na aliyekileta alitaka jambo moja tu: kuambiwa sabuni ile imetengenezwa kwa kitu gani.

Jibu halikuwa gumu. Ilikuwa sabuni ya mafuta ya nguruwe yaliyochemshwa pamoja na potashi, yaani ile dawa kali itokanayo na majivu. Mkemia mwingine angeliandika jibu hilo katika karatasi, akapokea ujira wake na kugeukia kazi nyingine. Kijana huyo hakufanya hivyo. Alijiuliza swali ambalo wapika sabuni hawakuwa wamelijibu kwa maelfu ya miaka: mafuta yanapogeuka kuwa sabuni, ni nini hasa kinachoyapata?

Swali hilo lilimchukua miaka 12. Alipolimaliza, mwaka 1823, binadamu alikuwa amejua kwa mara ya kwanza kwamba mafuta si kitu kimoja, bali ni muungano wa vitu kadhaa vinavyoweza kutenganishwa, kupimwa na kupewa majina. Leo, maabara yoyote inayochunguza mafuta ya alizeti, pamba, karanga, mawese au nazi hupita katika njia aliyoifyeka yeye.

Jina lake lilikuwa Michel Eugène Chevreul. Alizaliwa kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa, akafariki dunia siku chache baada ya kukamilika kwa Mnara wa Eiffel, akiwa na umri wa miaka 102. Katika maisha hayo marefu alijijengea tabia moja iliyomtofautisha na wengi: hakukubali kwamba kitu ni kile kinachoitwa mpaka amekipima mwenyewe. Ajabu ya historia ni kwamba jina lake lililosambaa kuliko yote, lililofika hadi katika meza za chai, lilikuwa la kitu alichokikosea.

Mtoto wa mji wa Angers

Chevreul alizaliwa Agosti 31, 1786, katika mji wa Angers, magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa tabibu na mpasuaji aliyeheshimika mjini hapo. Ilikuwa familia ya watu wa elimu, lakini utoto wa Chevreul haukuwa wa utulivu.

Alikuwa na umri wa karibu miaka mitatu Mapinduzi yalipolipuka mwaka 1789. Miaka michache baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilitanda magharibi mwa nchi, na mashine ya kukata vichwa ikasimamishwa hadharani mjini Angers. Akiwa bado mtoto mdogo, Chevreul alishuhudia watu wakikatwa vichwa kwa mashine hiyo, jambo lililobaki katika kumbukumbu yake hadi uzeeni.

Shule za zamani zilikuwa zimefungwa kutokana na machafuko, hivyo elimu yake ya awali aliipata nyumbani. Mwaka 1799 aliingia katika shule mpya ya serikali iliyofunguliwa mjini kwake, na huko ndiko alikokutana na kemia, fizikia na elimu ya mimea. Mwaka 1803, akiwa na miaka 17, alifunga safari kwenda Paris.

Alipokewa na Nicolas Vauquelin, mmoja wa wakemia mashuhuri wa zama zile. Maabara ya Vauquelin ilikuwa chuo cha mikono zaidi kuliko cha vitabu. Humo kijana alijifunza kuchemsha, kuchuja, kukausha na kupima uzito bila kuharakisha. Kazi zake za kwanza zilihusu mimea: gamba la mti utoao vizibo vya chupa, nili, pamoja na magome na magogo yaliyotumiwa kutia nguo rangi.

Kazi ya mimea ilimfunza uvumilivu. Gome la mti lina vitu vingi vilivyochanganyika, na mwenye pupa hutoka na mchanganyiko akidhani ameshika kitu kimoja. Chevreul alizoea kuliosha gome hilo hilo kwa maji, kisha kwa pombe kali, kisha kwa dawa nyingine, akiangalia kila mara ni nini kilichotoka na ni nini kilichobaki. Silaha hizo ndizo alizokuwa nazo kipande cha sabuni kilipomfikia.

Lulu ndani ya sabuni

Wakati huo wakemia wengi waliamini kwamba mafuta ni kitu kimoja kizima. Kwa mujibu wa imani hiyo, sabuni ilikuwa ni mafuta yaliyoshikana na dawa ya majivu, kama vile udongo unavyoshikana na maji. Mkemia wa Sweden, Carl Scheele, alikuwa amepata kimiminika kitamu kutoka katika mafuta ya zeituni mwaka 1783, lakini maana ya utamu huo haikueleweka.

Chevreul aliichukua ile sabuni ya mafuta ya nguruwe, akaizimua kwa maji mengi na kuiacha itulie. Sehemu yake iliyeyuka, na sehemu nyingine ikatua chini ikiwa vipande vyembamba vyenye kumetameta. Alivikusanya, akavitia asidi, na dawa ya majivu ikaachia kile ilichokuwa imekishika. Kikabaki kitu cheupe, kikavu, chenye mng'ao kama wa lulu.

Kitu hicho hakikuwa yale mafuta ya awali. Kilikuwa na tabia za asidi: kilibadili rangi ya karatasi ya kupimia asidi na kilikuwa tayari kushikana tena na dawa ya majivu kufanya sabuni. Kwa kuwa Wayunani wa kale waliiita lulu margarites, Chevreul alikiita asidi ya margariki. Matokeo yake ya kwanza aliyawasilisha mwaka 1813.

Kutoka hapo hakusimama. Alichunguza mafuta ya ng'ombe, ya kondoo, ya bata bukini, ya chui wa Amerika aitwaye jaguar, na hata ya binadamu. Alichunguza siagi na mafuta ya pomboo. Kila mara alikuta habari ile ile: mafuta yakipikwa na dawa ya majivu huvunjika sehemu mbili. Sehemu moja ni asidi za aina mbalimbali. Sehemu nyingine ni kile kimiminika kitamu cha Scheele, ambacho Chevreul alikipa jina linalotumika duniani kote hadi leo, gliserini.

Asidi nazo alizipa majina kufuatana na mahali zilipotoka au tabia zake. Ile ngumu ya shahamu ikawa asidi ya steariki. Ile ya majimaji, inayokuwamo kwa wingi pia katika mafuta ya zeituni, ikawa asidi ya oleiki. Ile yenye kuipa siagi iliyochacha harufu yake ikawa asidi ya butiriki. Mambo ambayo mpishi aliyajua kwa pua, kwamba siagi hunuka na shahamu huganda, sasa yalikuwa na sababu inayoweza kuwekwa katika chupa na kubandikwa jina.

Mizani na kipimajoto

Kilichoifanya kazi ya Chevreul kuwa ya kudumu hakikuwa majina, bali namna alivyojihakikishia kwamba kila jina lina mwenyewe.

Mbinu yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Aliyeyusha asidi katika pombe moto, akaiacha ipoe hadi ifanye fuwele, akachuja, kisha akaziyeyusha fuwele hizo na kusoma kipimajoto. Akarudia tena. Ikiwa joto la kuyeyuka lilibadilika, alijua kwamba bado kuna uchafu. Aliendelea kurudia mpaka joto likaacha kubadilika, na hapo ndipo alipokubali kwamba ameshika kitu kimoja. Yeye ndiye aliyekifanya kiwango cha kuyeyuka kuwa kipimo cha usafi wa dutu, na wanafunzi wa kemia wangali wakikitumia maabara.

Kipimo chake cha pili kilikuwa mizani. Alipima mafuta kabla ya kuyapika, kisha akapima asidi na gliserini zilizotoka. Kwa akili ya kawaida, vitu viwili vilivyotokana na kimoja vingepaswa kulingana nacho kwa uzito, au kupungua kidogo kwa kile kilichomwagika njiani. Chevreul alikuta kinyume chake: jumla ya vipande ilizidi uzito wa mafuta yaliyovunjwa.

Mtu mwingine angelaumu mizani. Chevreul aliiamini, akahitimisha kwamba maji yameingia katika mvunjiko ule na kuwa sehemu ya vile vilivyotoka. Ndivyo ilivyo. Kila asidi inapoachana na gliserini, maji hujaza pengo. Mwaka 1854 mkemia mwenzake wa Ufaransa, Marcellin Berthelot, alionyesha njia ya kurudi: aliunganisha asidi na gliserini akapata mafuta. Nyumba ambayo Chevreul aliibomoa tofali kwa tofali, Berthelot aliijenga upya.

Kitabu kilichokusanya utafiti huo wote kilitoka mwaka 1823. Kilihusu mafuta ya wanyama, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mimea pia. Mwaka 1840 Edmond Frémy alipata asidi ya palmitiki kutoka katika mafuta ya mawese. Muda mfupi baadaye asidi ya lauriki ilipatikana katika tunda la mti wa loreli, na asidi ya linoleiki katika mafuta ya mbegu za kitani. Asidi ya lauriki ndiyo inayofanya karibu nusu ya mafuta ya nazi, na ndiyo inayoifanya sabuni ya nazi itoe povu jingi.

Habari hizo hazikuwa mbali na pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne hiyo ya 19 wafanyabiashara wa Marseille, mji wa sabuni wa kusini mwa Ufaransa, walifika Unguja na pwani jirani kununua ufuta, na baadaye mbata, kwa ajili ya vinu vyao vya mafuta. Mzigo uliopakiwa majahazini na melini ulikwenda kukutana na elimu iliyoanzia katika kipande kimoja cha sabuni.

Mwanga usionuka

Chevreul hakuwa mtu wa maabara pekee. Alitambua mapema kwamba asidi ya steariki, ngumu na nyeupe, ingefaa kwa mishumaa.

Katika zama zile mwananchi wa kawaida wa Ulaya aliwasha mshumaa wa shahamu. Ulikuwa laini, ulichuruzika, ulitoa moshi na kunuka kama jikoni la juzi, na utambi wake ulihitaji kukatwa mara kwa mara. Mshumaa wa nta ya nyuki haukuwa na kasoro hizo, lakini ulikuwa wa makanisa na matajiri.

Mwaka 1825 Chevreul na mkemia mwenzake maarufu, Joseph Louis Gay-Lussac, walisajili hataza ya mishumaa itokanayo na asidi za mafuta. Kisayansi hawakukosea. Kibiashara walishindwa. Njia yao ilikuwa ya gharama kubwa, na tambi za pamba zilizokuwapo hazikuungua vyema katika mafuta hayo mapya.

Waliofanikiwa ni wengine. Mnamo miaka ya 1830 Adolphe de Milly alipika shahamu kwa chokaa, iliyo rahisi, badala ya dawa ghali. Utambi wa kusukwa, uliotiwa dawa ili ujipinde na kuungua wenyewe, ulimaliza tatizo lililobaki. Mshumaa mweupe, mgumu na usionuka uliingia katika nyumba za watu wa kawaida, na kwa miongo kadhaa ukawa taa yao.

Faida ya viwanda hivyo haikumwendea Chevreul. Mwaka 1852 chama cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kilimtunuku faranga 12,000 kwa kazi yake ya mafuta. Mwaka 1857 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimpa Nishani ya Copley, heshima yake ya juu kabisa.

Kosa halikuwa la rangi

Mwaka 1824 Chevreul aliteuliwa kusimamia idara ya kutia rangi katika kiwanda cha kifalme cha Gobelins mjini Paris, kilichofuma vitambaa vikubwa vya kutundika ukutani. Alikuta malalamiko yanamsubiri. Mafundi walidai kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hicho hazikuwa nyeusi ipasavyo, hasa zilipotumiwa kuonyesha vivuli katika mavazi ya buluu na ya zambarau.

Alifanya kama alivyofanya kwa sabuni. Alikusanya nyuzi nyeusi kutoka viwanda vingine vya Ulaya na kuzilinganisha na za Gobelins. Weusi wa Gobelins haukuwa na kasoro. Uzi ule ule ulipowekwa kando ya buluu ulionekana kufifia, na ulipowekwa kando ya rangi nyingine ulionekana mweusi tii. Tatizo halikuwa katika birika la rangi bali katika jicho la mtazamaji: rangi mbili zinapokaa jirani, kila moja hubadilisha namna nyingine inavyoonekana.

Kitabu chake kuhusu kanuni hiyo kilitoka mwaka 1839. Kilisomwa na mafundi wa nguo na wapanga bustani, kisha na wachoraji. Georges Seurat na wenzake, waliochora kwa vitone vya rangi vilivyopangwa kandokando, walijifunza mengi kutoka kwa mkemia huyo ambaye hakuwa mchoraji.

Timazi na mkono wa mpiga ramli

Tabia hiyo hiyo ya kupima ilimkutanisha na wapiga ramli. Ulaya ya wakati ule ilikuwa na watu waliodai kwamba timazi iliyoning'inizwa kwa uzi juu ya maji au madini hucheza yenyewe kwa nguvu iliyofichika.

Chevreul alijaribu mwenyewe juu ya bakuli la zebaki. Kwa mshangao wake, timazi ilicheza. Alipoweka kioo kati yake na zebaki, ilitulia. Lakini hakuishia hapo. Aliuegemeza mkono wake juu ya kibao, na mchezo ukapungua. Kisha alifungwa macho, na mtu mwingine akawa anaweka kioo na kukiondoa bila yeye kujua. Safari hii kioo hakikubadilisha lolote.

Hitimisho lake, alilolichapisha mwaka 1833, lilikuwa kwamba mkono wa anayeshika uzi husogea kidogo kufuata kile anachokitarajia, na mwenyewe asijue. Hakuna aliyedanganya, ila fikra ilitangulia na misuli ikafuata. Mwaka 1854, Ulaya ilipokumbwa na wazimu wa meza zilizodaiwa kuzunguka zenyewe, aliandika kitabu kizima juu ya suala hilo. Utaratibu wa kumfunga macho anayepima ili matarajio yake yasiharibu kipimo ni jambo la kawaida leo katika majaribio ya dawa.

Jina lililopotoka

Hata hivyo, mtu huyo aliyewaonya wengine wasiamini kisichopimwa alipatwa na mtihani wake mwenyewe.

Katika miaka ya 1850 mkemia wa Ujerumani, Wilhelm Heintz, aliichunguza upya asidi ya margariki, ile ya mng'ao wa lulu. Aliitenganisha hatua kwa hatua na kuthibitisha kwamba haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa mchanganyiko wa asidi mbili zilizokwishajulikana, ya palmitiki na ya steariki.

Asidi hizo mbili zikichanganyika kwa kiwango fulani, huyeyuka katika joto la chini kuliko kila moja ikiwa peke yake, na huweza kuganda kwa namna ya kumfanya mtu adhani ameshika dutu safi. Kipimajoto cha Chevreul hakikusema uongo. Kiliulizwa swali ambalo katika hali hiyo moja hakikuwa na uwezo wa kulijibu kikamilifu.

Lakini silaha alizotumia Heintz zilikuwa ni zile zile za Chevreul: tenganisha, gandisha, yeyusha, pima joto, rudia. Mwalimu alisahihishwa kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe.

Jina halikufa. Mwaka 1869 Hippolyte Mège-Mouriès alisajili nchini Ufaransa chakula cha bei nafuu cha kuchukua nafasi ya siagi, akakiita kwa jina litokanalo na asidi ile ya lulu. Ndiyo majarini. Kila anayepaka mkate majarini asubuhi hutamka, bila kujua, jina la dutu ambayo haikuwapo kama Chevreul alivyodhani.

Mzee wa karne nzima

Chevreul aliirithi nafasi ya Vauquelin mwaka 1830 kama profesa katika Makumbusho ya Historia ya Asili mjini Paris, na kuanzia mwaka 1864 hadi 1879 alikuwa mkurugenzi wake. Jeshi la Prussia lilipouzingira mji huo na kuupiga kwa mizinga Januari 1871, yeye, akiwa na miaka 84, hakuondoka. Mabomu yaliangukia Makumbusho, na mzee huyo akahakikisha kwamba lawama ya tendo hilo inaandikwa rasmi.

Mkewe, Sophie Davalet, waliyefunga naye ndoa mwaka 1818, alifariki mwaka 1862. Chevreul aliendelea kuishi maisha ya kiasi, bila mvinyo, katika nchi ambayo mvinyo ni kama maji, na akaendelea kwenda kazini.

Agosti 31, 1886 Ufaransa iliadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Medali ilitengenezwa kwa heshima yake na salamu zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Mpiga picha mashuhuri Félix Nadar alifanya naye mahojiano huku mwanawe, Paul, akipiga picha mfululizo. Yalipochapishwa Septemba 1886, yaliingia katika historia ya uandishi wa habari kama mahojiano ya kwanza kuambatana na picha za aina hiyo.

Katika miaka yake ya mwisho aliuona Mnara wa Eiffel ukipanda juu ya mapaa ya Paris. Ulizinduliwa Machi 31, 1889, na jina lake ni moja kati ya majina 72 ya wanasayansi na wahandisi yaliyoandikwa kuuzunguka. Mwanawe wa pekee, Henri, alifariki muda mfupi kabla yake. Aprili 9, 1889 Chevreul naye alifariki. Taifa lilimfanyia mazishi ya heshima katika Kanisa Kuu la Notre-Dame, na mwili wake ukazikwa L'Haÿ, nje kidogo ya Paris.

Kutoka miaka 12 hadi dakika chache

Kazi aliyoifanya kwa miaka 12 imekuwa ya dakika. Mwaka 1952 Waingereza Anthony James na Archer Martin walichapisha mbinu ya kutenganisha asidi za mafuta kwa kuzisukuma, zikiwa mvuke, ndani ya bomba jembamba. Nyepesi hutangulia, nzito hufuata. Mbinu hiyo huitwa kromatografia ya gesi.

Mtaalamu anayetaka kujua mbegu fulani ina mafuta ya aina gani huisaga, huyatoa mafuta kwa kiyeyushi, huzivunja asidi kutoka katika gliserini na kuzigeuza kuwa umbo linalopanda mvuke kwa urahisi, kisha huziingiza katika mashine. Karatasi hutoka na vilele, na kila kilele ni asidi yake.

Matunda yake yako jikoni. Kwa mashine hizo watafiti wa Canada waliweza kupima asidi ya eruki, ambayo wingi wake uliwatia wasiwasi wataalamu wa afya, katika mbegu moja moja za mmea wa rapa, wakachagua zenye kiwango kidogo kabisa na kuzalisha katika miaka ya 1970 zao linalojulikana sasa kama kanola. Kwa vipimo hivyo hivyo hujulikana kama mafuta ya alizeti yaliyo sokoni ni ya alizeti kweli au yamechanganywa na mengine ya bei ndogo.

Ili mashine ijue kiasi, mtaalamu huongeza katika sampuli kipimo kinachojulikana cha asidi ambayo haipatikani kwa kawaida katika mimea, kisha hulinganisha vilele vingine na kilele chake. Mimea huzijenga asidi zake kwa kuunga kaboni mbili mbili, hivyo zenye idadi witiri ni adimu mno. Asidi inayochaguliwa mara nyingi kuwa kipimo hicho ina kaboni 17. Wakemia wa baadaye walilichukua jina lililobaki bila mwenyewe, wakaipa asidi hiyo.

Jina hilo ni asidi ya margariki. Neno ambalo Chevreul alilipa kitu asichokipima sawasawa limekuwa, katika maabara za leo, jina la kipimo ambacho kwacho mafuta ya mbegu nyingine hupimwa.